Daftari la Wazee Wetu
(Maneno yaliyotolewa na Kamati ya Fedha katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, Igunga mjini)

 

Kila mwaka nafasi hii hupewa Kamati ya Fedha isome mapato na matumizi, na kila mwaka tukifika ukurasa wa pili watu huanza kutoka nje kupokea simu. Tunawaona. Kwa hiyo mwaka huu hesabu tumeziweka nyuma ya kijarida, zimekaguliwa, na kila mtu atazisoma kwa nafasi yake. Dakika zetu tumeomba tuzitumie kueleza habari ya daftari moja ambalo si la chama hiki, ila limetufikia mikononi mwaka huu na tumepewa kazi nalo.

Mwezi Machi baadhi yetu tulikuwa likizo hapa nyumbani. Tukaitwa kwa mama mmoja ambaye wengi humu ndani aliwafundisha hesabu za kujumlisha, na wengine tunazo kumbukumbu za fimbo yake. Tulifika tukidhani kuna mgonjwa. Tukakuta wazee sita wamekaa barazani, wamevaa kama wanakwenda kanisani, na katikati yao sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni. Ndani mna madaftari makubwa manne yaliyofungwa kwa kipande cha kanga. Mama akasema, "Ninyi si ndio wahasibu? Haya, kagueni."

Tulicheka. Wao hawakucheka.

Wazee hawa walisoma pamoja chuo cha ualimu mjini Tabora. Waliingia mwaka 1978, wakatoka mwishoni mwa 1979. Waliotoka huku kwetu, wakati huo wilaya yetu ikiwa changa, imemegwa juzi tu kutoka Nzega, walikuwa 17. Wakumbukeni vizuri: hawa ndio waliorudi vijijini wakati Elimu ya Msingi kwa Wote imejaza watoto chini ya miembe na walimu hawatoshi. Aliyesoma msingi Igunga miaka ya themanini amepita mkononi mwa mmoja wao, hata kama hakumbuki jina.

Maisha yao ya chuo wanayasimulia kwa chakula. Walikuwa wakitoka likizo na vifuko vya michembe, na matobolwa, na asali kwa aliyekuwa na mjomba mrina asali. Kutoka hapa kwenda Nzega ni lori, mkikaa juu ya magunia ya pamba. Kutoka Nzega kwenda Tabora ni basi likipatikana, na masika lisipopatikana ni kusubiri. Mzee mmoja anadai aliwahi kulala Nzega siku nne na akamaliza michembe ya muhula mzima. Wenzake wanasema ni siku mbili, na kwamba michembe aliimaliza kabla ya kufika Nzega.

Wakiwa mwaka wa kwanza, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akahutubia taifa, hotuba ile ya uwezo, sababu na nia, ambayo sisi tuliozaliwa baadaye tuliijua kwa kusimuliwa. Wao waliisikia redioni wakiwa wamesimama, bwalo zima, masufuria yanapoa. Mama anasema baada ya hotuba hakuna aliyekula haraka siku ile, jambo ambalo halikuwahi kutokea chuoni kabla wala baada.

Tabora ni makutano ya reli. Ukitaka kupeleka watu na silaha Mwanza kwa treni, kisha wavuke ziwa kwenda Bukoba, lazima upite pale. Kwa hiyo vita, vilivyokuwa mbali, vilipita karibu na vitanda vyao. Usiku walisikia treni ndefu zikipunguza mwendo. Wakienda stesheni Jumapili waliona mabehewa yaliyofunikwa maturubai na askari wamekaa mlangoni wakiomba maji. Wasichana walipeleka maji na maembe. Malori na mabasi ya watu yakachukuliwa kwa kazi ya jeshi. Mikoa ya wafugaji ikatoa ng'ombe, na wazazi wao huku nyumbani walitoa. Nyuma ya mabweni wakachimba mahandaki. Ndege za Amin zilikuwa zikipiga Bukoba, na hata Mwanza haikuachwa: Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilikusudia mji ule, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama na kuua swala. Mahandaki ya chuoni hayakutumika. Masika yalipoanza yakajaa maji, vyura wakahamia, na mwalimu wa zamu akawa anawaadhibu watoro kwa kuwatuma kuyakausha kwa ndoo.

Tunaomba mturuhusu kuchepuka kidogo, maana sisi watu wa fedha tuna udhaifu wetu. Tabora na vita vilikuwa vimekutana zamani. Mwaka 1916, Wajerumani walipozungukwa na fedha zikawaishia, walitengeneza sarafu zao pale pale Tabora, katika karakana ya reli, na zile za dhahabu, za rupia 15, dhahabu yake ilitoka Sekenke. Sekenke hii hii, unayoiona ukivuka mbuga ya Wembere kwenda Singida. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauchukua mji. Leo sarafu hizo wanazitafuta matajiri wa Ulaya kwa bei ambayo ingejenga madarasa. Hapa kwetu hatujawahi kukutana na mtu aliyenayo hata moja, na kama yumo humu ndani tunamkaribisha mezani.

Na vita vya pili vya dunia navyo vina wanafunzi wake. Mwalimu Nyerere alimaliza Tabora School mwaka 1942, akaingia Makerere 1943, akakaa huko hadi 1945, miaka ambayo vijana wa Tanganyika walikuwa wakipigana Burma katika KAR. Huko Makerere, yeye na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu wakaanzisha umoja wa wanafunzi wa Tanganyika. Mwaka 1946 Nyerere akaanza kufundisha St. Mary's hapo Tabora, na Tibandebage naye alikuwa mwalimu pale. Wazee wetu wanaijua habari hii kwa sababu mkufunzi wao wa siasa aliwasimulia katikati ya vita, na wanakiri kwamba ndiyo iliyowapa wazo. Kama wanafunzi wachache waliweza kushikana chuoni na kuendelea kushikana baada ya kutoka, kwa nini wao wasiweze? Wao hawakuwa na mpango wa kudai uhuru, ulikuwa umeshapatikana. Walitaka tu wasipotezane.

Sasa turudi kwenye daftari.

Katika wale 17 alikuwamo kijana mmoja kutoka upande wa Mwisi. Jina lake hatulitaji, kwa sababu aliyebaki katika nyumba yake ametuomba hivyo. Kabla ya chuo alikuwa amepita mafunzo ya mgambo kijijini. Desemba 1978 alirudi nyumbani likizo kama wenzake. Januari darasa lilipoitwa majina, hakuwapo. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya mjomba wake: amechukuliwa na mgambo wenzake kwenda Kagera. Jumapili tatu mfululizo wenzake walikwenda stesheni wakitazama kila behewa, wakiamini lazima apite Tabora. Kumbe aliondoka kwa lori, wakapita Shinyanga.

Mwezi Machi ikafika barua yake mwenyewe, moja tu. Wanayo hadi leo, imo katika sanduku, ndani ya mfuko wa nailoni. Tumeisoma. Kijana anaandika habari za ndizi, kwamba kule zinapikwa kila siku na tumbo lake linadai ugali. Anauliza kama mtihani wa mazoezi umekuwa mgumu. Mwishoni anamwambia rafiki yake fulani asihofu kuhusu shilingi 12 za viatu, atalipa akirudi.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Chuo kizima kilitoka kuimba mjini, wakachanganyika na wafanyakazi wa reli na askari na watoto, wakaimba hadi sauti zikakauka. Mwezi Juni vita vikaisha. Mwezi Julai taarifa ikafika Mwisi, na kutoka Mwisi ikafika Tabora, kwamba mwenzao alikuwa ameuawa kabla ya siku ile waliyoimba.

Rafiki wa viatu akasema amesamehe. Mama huyu, wakati huo msichana wa miaka 20, akasimama bwenini na kusema deni la mtu aliyekufa vitani halisamehewi, linalipwa. Wakachanga. Na kwa kuwa wamechanga, pakahitajika kuandika. Ndiyo maana mstari wa kwanza kabisa wa daftari la kwanza, kwa mwandiko ambao wengi wetu tuliuona ubaoni, unasomeka: "Deni la viatu, Sh 12. Limelipwa na darasa." Chini yake kuna sahihi ya aliyepokea. Huyo mzee yupo hapa, mstari wa mbele. Anasema fedha zile hakuzitumia mwaka mzima, na alipozitumia alinunua sukari, na kwamba sukari ile ilimkaa kooni.

Walipoajiriwa wakakubaliana kutoa shilingi 5 kila mwezi. Msizidharau. Wakati ule dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 8. Mikutano yao waliifanya siku za mnada, kwa sababu siku ya mnada lori halikosekani. Wasioweza kuja walituma bahasha kwa kondakta. Waliohamishiwa mbali, mmoja Urambo, mmoja hadi Mpanda, walituma kadi za salamu redioni, na wenzao walikuwa na namna ya kuzielewa. Mtu akisalimiwa "popote alipo", maana yake michango yake ya miezi miwili haijafika.

Tuliokaa na madaftari haya usiku tuliona nchi ikipita. Mwalimu alisema baada ya vita tufunge mikanda kwa miezi 18. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mafuta yalikuwa yamepanda tena bei, na vita vimekula akiba ya fedha za kigeni, kwa hiyo miezi 18 ikawa miaka. Kwenye daftari utaona hivi: mpaka mwaka 1980 safu ya michango ina shilingi. Kuanzia 1981 inaanza kuwa na vitu. "Nusu mche wa sabuni." "Betri mbili." "Khanga, doti moja, ya msiba." Shilingi ilikuwapo, ila hapakuwa na cha kununua, na mwenye busara aliweka akiba kwa sabuni. Sisi tuliofundishwa kwamba hesabu zote ziwe kwa kipimo kimoja cha fedha tulijaribu kuzibadili sabuni kuwa shilingi, tukaacha. Hazibadiliki.

Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, akiba ya darasa ilikuwa miche sita ya sabuni, na aliyeitunza akashikwa na hofu kwamba atakamatwa kama mlanguzi. Akaifukia ndani ya kihenge cha mtama. Hakuna aliyekuja. Lakini familia yake inasimulia kwamba ugali wa msimu ule ulikuwa ukitoa povu, na watoto wake, ambao wawili wamekaa pale nyuma, wanasema si utani.

Tulipofika daftari la pili tukaona jambo lililotufanya tukae wima. Jina la yule kijana limo katika orodha ya wanaochangia. Mwaka 1984, amelipa. Mwaka 1985, amelipa. Kila mwezi, bila kukosa hata mmoja. Katika kazi zetu za mjini, ukikuta mtu aliyekufa kwenye orodha ya malipo unajua la kufanya: unaandika taarifa na mtu anafukuzwa kazi. Mfanyakazi hewa tunamjua. Lakini huyu hakuwa anapokea, alikuwa anatoa. Mchangiaji hewa hatukuwahi kufundishwa.

Tukamwuliza mama. Akatueleza kwamba wanachama humlipia kwa zamu, mwezi huu huyu, mwezi ujao yule, na zamu imeandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Tukauliza kwa nini, na wenzao wengine waliofariki wamepigwa mstari mwekundu. Akafungua ukurasa wa kanuni, ambazo waliziandika wenyewe mwaka 1979. Mwanachama hutoka kwa njia mbili, akasema. Ama tumemzika, ama ameleta barua. "Huyu hatukumzika. Na barua yake ya kujitoa hatujaiona."

Fedha zake zilikwenda wapi? Hapa tulikagua kwa makini kuliko mahali pengine. Mwanzo zilikwenda kwa mayu wake, Mwisi: chumvi, dawa, bati mbili mwaka ule upepo ulipoezua. Halafu pana safu nyingine. Kijana aliacha msichana mwenye mimba, na mtoto akazaliwa mwaka 1979, baba yake akiwa ameshafariki. Tangu mtoto huyo alipoanza darasa la kwanza, daftari lina sare, madaftari, nauli ya kwenda sekondari, godoro, na ada hadi alipomaliza chuo. Yeye mwenyewe hakujua habari ya mchango. Alijua tu kwamba ana baba wadogo na shangazi wengi ambao ni walimu, na alidhani kila mtoto anao hivyo. Amekaa na sisi. Ni mjumbe wa kamati hii mwaka wa nne sasa, na hesabu za kijarida mlichonacho amezihakiki yeye.

Tusiwaficheni, umoja huu haukuwa wa amani siku zote. Walipokaribia kustaafu, wazee saba walichanga nauli wakaenda Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wetu wa vita vya Kagera. Walipanda basi hapa Igunga, wakapita Nzega, Kahama na Biharamulo. Wakagawana safu za makaburi kama watu wanaosahihisha mitihani, kila mmoja na safu yake. Walimpata. Aliyekuwa kiranja wao akasema, "Basi, tumemwona," wakakaa chini kidogo, kisha wakaenda kutafuta chai.

Ugomvi ulianza ndani ya basi la kurudi. Mmoja akasema sasa tumemzika, tupige mstari mwekundu. Kanuni ni kanuni. Wengine wakasema kumzika si kusoma jina. Yule wa kwanza, tunaomba tumtendee haki kwa sababu hoja yake ilikuwa nzito, alisema kumwita mtu kila mwezi kwa miaka 30 ni kumnyima usingizi. Wakagawanyika. Mwaka mzima pakawa na makundi mawili, mikutano miwili, na mnada mmoja ambao walipishana bila kusalimiana. Walipatanishwa na msiba: mmoja wao alifariki, na makundi yote mawili yakafika na jeneza. Wakakaa, wakakubaliana jambo ambalo mkaguzi yeyote angelikataa. Tangu mwezi ule jina la kijana linaandikwa kwa penseli. Anayetaka kuamini limefutika aamini hivyo, na anayetaka kuamini lipo alisome. Mchango umeendelea, sasa ukisomesha watoto wengine wa Mwisi.

Katika wale 17, leo wamebaki 9. Barabara imekuwa ya lami lakini magoti hayataki basi. Kwa hiyo wana utaratibu mwingine. Kila Jumapili saa mbili usiku, wa kwanza humpigia wa pili, wa pili wa tatu, hadi wa tisa, naye humpigia wa kwanza. Simu ikizunguka na kurudi, wote wapo. Ikikatika, wanajua imekatikia wapi, na wa jirani anatuma bodaboda. Mwaka juzi ilikatikia Simbo. Bodaboda akakuta mzee wetu ameanguka uani tangu mchana, peke yake, mguu umevunjika. Akapelekwa hospitali ya Nkinga usiku ule ule. Leo yupo hapa na mkongojo wake. Watoto wake watatu wako mjini, tena ni miongoni mwetu, na hakuna kati yetu aliyekuwa amempigia simu Jumapili ile. Tunalisema kwa sababu ametupa ruhusa, na kwa sababu sisi wenyewe hatujapata la kujitetea.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, ndiyo sababu ya sanduku kuwa juu ya meza hii. Wazee wanataka kutukabidhi madaftari. Wameomba mambo mawili, na Kamati imekaa vikao vitatu kuyajadili.

La kwanza, chama kibebe gharama ya ule mzunguko wa simu: vocha na nauli ya bodaboda. Na uongezwe uwachukue wazee wengine wa wilaya wanaokaa peke yao, si walimu tu. Fedha zake si nyingi. Hili halikutupa taabu.

La pili, jina la kijana lihamie katika daftari la chama na liendelee kulipiwa kwa zamu, hata baada ya wa tisa. Hili lilitupa taabu. Baadhi yetu walisema katiba ya chama haimjui mwanachama aliyekufa. Wengine walisema tukianza na mmoja kila ukoo utaleta wa kwake. Ni kweli, watakuja, na wilaya hii haikutoa mgambo mmoja tu. Mjumbe mwenzetu, binti yake, alitoka nje tulipokuwa tunajadili, akakataa kupiga kura. Tulipomwita arudi tukamwambia hatujaafikiana, akasema neno moja tu: yeye hataki baba yake aombewe, ila kama atalipiwa alipiwe kwa wakati, kwa sababu hajawahi kuchelewa.

Hapo tukalazimika kufungua daftari letu wenyewe. Mwaka jana, katika ukumbi huu, tuliahidi fedha za nyumba pacha ya walimu kwa shule ya upande wa mbuga ya Wembere, ambako masika mwalimu hufika darasani na matope hadi magotini, na kila anayepangiwa kule huomba uhamisho kabla ya mwaka. Makofi yalipigwa. Kwa kila shilingi 10 zilizoahidiwa, zilizofika ni 6. Msingi umekwisha na kuta zimefika lenta. Mabati hayapo. Walioahidi wote wako hai na wana simu, na wengine wapo humu. Wajumbe wawili wa Kamati ya Fedha walikuwa katika orodha hiyo ya wasiomaliza. Walimaliza wiki iliyopita, baada ya mama kuuliza orodha iko wapi.

Kamati imeamua kutolipitisha wala kulikataa lile la pili. Tunalileta kwenu, mkutano mkuu, mlijadili baada ya chakula, na mliamue kwa mikono.

La mabati halihitaji mjadala. Mwaka huu hatutasoma ahadi kwa kipaza sauti. Wazee wameomba zitumike kanuni zao: hakuna ahadi, kuna mchango na sahihi. Anayetoa leo anaandikwa leo na kupewa risiti, anayetoa kwa simu anasubiri ujumbe ufike ndipo aandikwe, na asiyenacho leo haandikwi, atakaribishwa siku ya mnada. Mama mwenyewe ndiye atakayeshika kalamu. Amesema mwandiko mbaya hausomi, kwa hiyo majina yenu mtamtajia, na ataanza na sisi wa Kamati, kisha wale watoto watatu wa mzee wa Simbo.

Meza iko pale karibu na mlango. Ameshafungua ukurasa mpya, na mstari wa juu ameujaza tayari, kwa penseli.